Mtoto wa Watu Kalala Mbaraki: Jinsi ya Kumtafuta na Kumkumbuka Askari wa Anga Aliyefia Vitani

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa. Mgeni akishaizunguka Fort Jesus na kunywa kahawa chungu ya kibarazani, ndipo hunitolea lile alilokuja nalo moyoni. Mara nyingi huwa ni kuulizia duka la kanga lisilompiga bei. Mwaka mmoja mama wa Kiingereza alifungua mkoba akatoa picha: kijana wa kofia ya upande, nywele zimelazwa kwa mafuta, anacheka meno yote nje. "Huyu ni ndugu yake baba," akaniambia. "Amelala hapa kwenu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika."

Kijana alikuwa na miaka 21. Makanga wa matatu iliyotupeleka siku tulipokwenda kumtafuta huenda alimzidi umri.

Tulimpata, lakini si kabla ya mimi kumsimamisha yule mama mbele ya kaburi la mtu mwingine. Aibu hiyo nitaieleza mahali pake. Tangu hapo nimetafuta wengine, na nimeona kwamba kazi hii haitaki usomi mkubwa. Inataka subira na kuacha kubahatisha. Nawaandikia wale watakaoletewa picha kama ile: dereva wa teksi, mpokezi wa hoteli, mwalimu wa historia, au kijana aliyeona jina kwenye jiwe akataka kujua mwenyewe ni nani.

Kwanza, usimwite rubani

Tukisikia mtu alikuwa wa ndege tunamketisha kwenye usukani papo hapo. Subiri. Catalina, zile ndege kubwa zilizokuwa zikitua majini pale Kipevu, moja ilibeba watu wanane au tisa: marubani, mwongoza njia, mafundi, watu wa redio, wapiga bunduki. Na kwa kila aliyeruka kulikuwa na wengi waliobaki chini wakikaza nati na kujaza mafuta. Hao wote ni askari wa anga. Ukimwandika fundi kuwa rubani umemvua kazi yake ukamvika ya mwenzake, na familia yake haitafurahi hata kama rubani anasikika mkubwa zaidi.

Swali lenye maana ni hili: alikuwa wa jeshi gani? Hapa Mombasa jibu halipo moja, na sababu yake iko katika historia ya mji wenyewe. Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikalazimika kurudi nyuma. Zikaja Kilindini. Ghafla mji ukajaa mabaharia, na hata shule ya Allidina Visram ikachukuliwa, wakawekwa humo watu wa kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Port Reitz, mahali palipo leo uwanja wa ndege wa Moi, ikawa na ndege za kivita, nyingi zikiwa za jeshi la majini. Kipevu, ambako sasa unaona makontena na mitambo ya umeme, ilikuwa kituo cha Catalina za jeshi la anga la Uingereza, RAF. Kikosi namba 209 kilifika mwaka 1942. Namba 259 kiliundwa upya papo hapo Kipevu mwezi wa Februari 1943, na 265 kikaundwa upya Mombasa mwezi uliofuata kabla ya kuhamia Diego Suarez, Madagaska. Kazi yao ilikuwa kuzunguka bahari kwa saa nyingi, pengine kutwa na usiku, wakizisaka nyambizi. Tarehe 20 Agosti 1943, Catalina za vikosi 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Kwa hiyo kijana wako anaweza kuwa wa RAF. Anaweza kuwa wa kitengo cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza, na huyo kumbukumbu zake ziko na mabaharia: ukimtafuta RAF utakesha bure. Anaweza pia kuwa wa jeshi la anga la Afrika Kusini, ambalo liliruka kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941 kuwapiga Waitaliano wa Ethiopia na Somalia. Na kama alikufa katika Vita vya Kwanza, jua kwamba RAF ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918. Wale walioshuka bandarini Mombasa mapema mwaka 1916 na ndege zao, wakaenda kuruka kutoka Mbuyuni karibu na Taveta, hawakuitwa RAF. Walikuwa kikosi namba 26 cha kitengo cha ndege cha jeshi la nchi kavu la Uingereza, kimejaa watu wa Afrika Kusini.

Muulize mwenye picha aisogeze karibu uone sare. Beji ya kofia na mabawa ya kifuani vitakwambia mengi kuliko hadithi za shangazi. Mabawa mawili kifuani ni rubani. Bawa moja lenye herufi ni mwenzake wa kazi nyingine ndani ya ndege.

Kusanya vitu vitano

Jina kamili pamoja na majina ya katikati. Namba ya jeshi. Cheo. Kikosi. Tarehe ya kufa. Ukipata vitatu kati ya hivyo, kimoja kikiwa namba, umeshampata.

Namba hukaa mahali watu wasipopaangalia. Tazama nyuma ya bahasha za barua, ndani ya kitabu cha sala, kwenye simu ya maandishi iliyoletwa nyumbani siku ile mbaya. Nishani nazo husaidia, ila kwa mashaka: za Vita vya Kwanza ziliandikwa jina na namba ukingoni au mgongoni, lakini nyota za Vita vya Pili walizopewa Waingereza zilitolewa tupu, bila jina. Za watu wa Afrika Kusini zina jina. Nimeona mgeni akihuzunika kwamba "hata jina hawakumwandika" kumbe ndivyo zilivyotoka kwa wote.

Tafuta kwenye orodha, na usiwe na haraka kama mimi

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilianzishwa mwaka 1917 na inawakumbuka watu wapatao milioni 1.7 wa vita vyote viwili. Orodha yao iko kwenye intaneti, na kuitafuta ni bure. Andika jina la ukoo na herufi za mwanzo za majina mengine. Chagua nchi ya Kenya, chagua vita, tazama. Likija jina, fungua ukurasa wake usome mpaka chini: utakuta makaburi gani, sehemu gani, safu gani, kaburi namba ngapi. Mara nyingi kuna na mstari unaotaja wazazi wake na mji wao. Shuka zaidi kwenye karatasi za zamani zilizopigwa picha, kwa kuwa humo utakuta hata maneno ambayo familia iliomba yachorwe kwenye jiwe.

Sasa aibu yangu. Ukoo wa yule kijana ni wa jina ambalo Waingereza wanalo wengi kama sisi tulivyo na kina Juma. Niliona jina, nikaona RAF, nikaona mwaka, nikaandika namba ya kaburi kwenye kiganja. Tulipofika, mama akapiga magoti. Akaweka maua. Mimi nikarudi nyuma hatua kadhaa kwa heshima, mikono nyuma, kama mtu aliyefanya kazi yake. Mzee mtunza makaburi akaja akasoma karatasi ya mama, akasoma jiwe, akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu siye."

"Shikamoo mzee. Siye vipi, na jina ndilo?"

"Marahaba. Jina ndilo. Tazama namba."

Namba zilitofautiana tangu tarakimu ya kwanza. Huyu alikuwa fundi wa cheo cha chini, wetu alikuwa sajenti. Nilitamani ardhi inimeze, na mahali penyewe palikuwa tayari. Yule mama hakukasirika. Alifikiri kidogo akasema maua yabaki pale pale, kwa kuwa huenda na huyu hakuna aliyewahi kumfikia. Tukaenda kwa wetu mikono mitupu.

Basi linganisha namba ya jeshi. Jina linashirikiwa, tarehe inashirikiwa na wote waliokuwa kwenye ndege moja, lakini namba, ndani ya jeshi lake, ni yake peke yake.

Kwenda Mbaraki

Mombasa ina makaburi ya vita Mbaraki, upande wa bandari, si mbali na njia ya kwenda feri ya Likoni. Kuna ya vita vyote viwili. Tuktuk yoyote ya mjini itakufikisha, ila useme makaburini, la sivyo utashushwa kwenye maghala. Kama orodha inasema Voi au Taveta, hiyo ni safari ya siku nzima ya barabara ya Nairobi, na wengi wa huko ni wa Vita vya Kwanza.

Fika asubuhi. Joto ni sababu ya kwanza, na ya pili ni mwanga: maandishi yaliyochorwa kwenye jiwe hayaonekani jua likiwa utosini. Yanataka mwanga wa kutoka ubavuni, kwa hiyo asubuhi au alasiri. Jiwe likiwa upande wa kivuli, beba kioo kidogo cha kunyolea ndevu ulirushie mwanga kwa pembeni, na herufi zitainuka zenyewe.

Piga hodi kwa mtunzaji kabla ya kuingia kati ya makaburi. Msalimie, mweleze unamtafuta nani. Watu hawa wanajua mawe yao kama mvuvi anavyojua miamba, na wengi hawaulizwi chochote mwaka mzima. Ukitaka kumshika mkono wa ahsante, fanya hivyo mwishoni, si mwanzoni kama unanunua mlango.

Kusafisha: maji matupu na brashi laini, basi. Usitumie sabuni ya unga, siki, wala jiki. Usipake chaki au unga wa ngano ili herufi zionekane, hata kama umewaona wengine wakifanya. Hewa yetu ya chumvi inayala mawe vya kutosha bila msaada wako. Ukiona jiwe limevunjika au herufi zimefutika, piga picha uwaandikie CWGC. Kulirekebisha ni kazi yao.

Kamera yako iangalie kaburi. Usiielekeze bandarini wala kwenye feri, na ukienda kuangalia Port Reitz ya zamani usiielekeze uwanja wa ndege. Askari wa sehemu hizo hawana mzaha, na hadithi ya mjomba aliyekufa 1943 haitakutoa kituoni haraka.

Kulisoma jiwe

Jiwe la kawaida la CWGC lina kimo cha sentimita 81 na upana wa 38. Jenerali na kuruta wanapewa kimo kimoja, na ndivyo ilivyoamuliwa tangu mwanzo. Juu kabisa kuna beji ya jeshi. Ya RAF ni tai mwenye mabawa yaliyokunjuliwa, na maneno ya Kilatini yanayokaribia kusema "kwa taabu mpaka nyotani". Chini yake namba na cheo, kisha jina, kisha kazi yake kama alikuwa wa kuruka, jeshi, tarehe, na umri ikiwa familia iliutaja. Herufi RAFVR kwenye karatasi maana yake alikuwa wa akiba ya kujitolea, yaani hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa tangu zamani. Alitoka benki, shambani au darasani, akajiandikisha kwa ajili ya vita. Jiwe lenye maneno yanayomaanisha "ajulikanaye na Mungu" ni la mtu ambaye hakutambulikana.

Usiondoke bila kusoma mstari wa chini kabisa. Huo ni wa familia. Katika Vita vya Kwanza waliruhusiwa herufi 66 tu, nafasi zikihesabiwa. Fikiria mama ameketi mezani anahesabu herufi za kumuaga mwanawe. Uingereza haikuwarudisha nyumbani wanajeshi waliofia ng'ambo, katika vita vyote viwili, kwa hiyo mstari ule ndio uliokuja Mombasa kwa niaba ya mama. Ninapompigia picha mtu aliyeko mbali, mstari huo naupiga peke yake, karibu, halafu naunakili kwa mkono, maana picha hudanganya herufi.

Kama hana kaburi

Wengi wa waliopotea na ndege baharini hawana. Majina ya askari wa anga wa Afrika Mashariki, Aden na Madagaska wasio na kaburi linalojulikana yako kwenye ukumbusho wa Alamein, Misri. Akikosekana huko tafuta ukumbusho wa Singapore, ambako wameandikwa waliopotea Asia na bahari zake. Wa jeshi la majini wako Lee-on-Solent, Uingereza. Na Runnymede, karibu na London, uliofunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 17 Oktoba 1953, una majina zaidi ya 20,000 ya waliopotea wakirukia Uingereza na Ulaya ya kaskazini na magharibi. Huyo hatakuwa wa Mombasa.

Familia ya mtu kama huyo ikija hapa, huwa hawajui waende wapi. Mimi huwapeleka Mama Ngina, kwenye mibuyu, mlango wa Kilindini ukiwa mbele yao na bahari kuu kushoto. Catalina zilikuwa zikiinuka kwenye maji ya Kipevu na kuishika bahari hiyo. Hakuna jiwe pale, kuna madafu na muhogo wa pilipili na watoto wa baiskeli. Mzee mmoja wa Afrika Kusini alikaa kwenye ukuta wa bahari saa nzima, akanywa dafu mbili, akasema inatosha.

Alikufaje? Tafsiri neno kwa uangalifu

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoleta matatizo. Tunasema "aliuawa vitani" kwa kila mtu. Karatasi za Waingereza zinatofautisha: kuna aliyeuawa mkononi mwa adui, kuna aliyeuawa akiwa kazini jeshini bila adui kuwapo, mara nyingi ajali, na kuna aliyefariki kazini, kwa mfano kwa maradhi. Kuna pia aliyepotea, ambaye baada ya miezi alihesabiwa kuwa amekufa. Andika lile lililoandikwa. Kufa kwa injini iliyozimika wakati wa mazoezi si kifo cha daraja la pili. Hata kikosi cha Uingereza cha ndege za mabomu, kilichopoteza watu 55,573 katika Vita vya Pili, maelfu yao walifia mazoezini.

Ukitaka habari za siku yenyewe, tafuta daftari la kikosi. Kila kikosi cha RAF kiliandika kila mwezi kilichofanya, na madaftari hayo yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye fungu liitwalo AIR 27. Fomu namba 540 inaeleza maisha ya kikosi kwa jumla. Namba 541 inataja kila ndege iliyoruka, nani walikuwamo, iliondoka saa ngapi na ilirudi saa ngapi. Na kama haikurudi, nafasi ile huenda imeachwa wazi. Mafaili ya ajali na vifo yako fungu AIR 81, nayo yamekuwa yakifunguliwa kidogo kidogo. Kwa upande wetu, Hifadhi ya Taifa ya Kenya pale Moi Avenue, Nairobi, ina karatasi za serikali ya kikoloni, na ukienda huko nenda na tarehe mkononi, si jina tu.

Siku yenyewe

Waingereza wana tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, dakika mbili za kimya. Ni siku nzuri, ila ni ya wote. Mimi hupendelea siku aliyokufa yeye mwenyewe. Kama familia iko mbali na inataka kuwa pamoja nawe kwa simu, hesabu saa: mwezi wa Novemba sisi tuko mbele yao kwa saa tatu, kwa hiyo saa tano yao ni saa nane mchana yetu, jua kali au mvua ya vuli. Beba mwavuli, unafaa yote mawili.

Maua mekundu ya karatasi wanayovaa wao hayapatikani hapa, na si lazima. Siku ile tuliyorudi mara ya pili nilinunua asumini kwa kina mama wa Mji wa Kale, nikaongeza matawi ya mrehani. Waswahili hupanda mrehani makaburini, na harufu yake hubaki mkononi mpaka jioni. Mama alinusa vidole vyake njia nzima ya kurudi.

Kundi likiwa la dini mchanganyiko, kama ilivyo Mombasa, usimsomeshe mtu sala isiyo yake. Fanyeni hivi: mmoja asome jina, cheo, namba, kikosi na tarehe kwa sauti. Mmoja aeleze maisha yake kwa dakika tatu. Kisha kimya, kila mtu aombe au asiombe moyoni. Watoto wapewe kazi ya kumwagilia maji jiwe, watatulia.

Maneno yale ya dakika tatu yaandikwe mapema, ukurasa mmoja. Anza na alipotoka, sio alipofia. Alikuwa mtoto wa nani, alifanya kazi gani kabla ya sare, alipenda nini ikiwa barua zinasema. Usimtilie ushujaa ambao daftari halina. Linalotoka kwenye karatasi liseme wazi, linalotoka kwa shangazi litanguliwe na "inasemekana". Na picha ya kaburi usiirushe mtandaoni kabla mwenye mtu wake hajasema sawa.

Jambo moja zaidi, nami nalishikilia. Pale Jomo Kenyatta Avenue kuna sanamu ya askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza. Tunapita na matatu kila siku. Jiwe la yule kijana wa Mbaraki lina jina lake, namba yake na neno la mama yake. Sanamu ile haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile. Kati yao wamo wapagazi, wale wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi. Kwa hiyo ukimtafuta mtoto wa watu wa mbali, tumia siku hiyo hiyo kuuliza nyumbani kwako. Nani alikwenda asirudi? Alichukuliwa mwaka gani, kutoka kijiji gani, chini ya chifu gani? Andika jina kama wazee wanavyolitamka. Aliyekwenda Bama, yaani Burma, katika vita ya pili huenda yumo kwenye orodha tayari. Jaribu kulitafuta kwa tahajia zote, maana makarani waliandika walivyosikia. Asipokuwamo, CWGC hupokea maombi kutoka kwa mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba marehemu alikufa akiwa jeshini, au alikufa baada ya kutoka jeshini kwa sababu ya utumishi, kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947.

Siku ile ya asumini, tulipomaliza kimya, mama aliniuliza kama na mimi nina mtu. Nikamwambia baba yake babu yangu alichukuliwa Rabai kubeba mizigo ya jeshi, akapita Voi, na huko ndiko habari zake zilikoishia. Hana jiwe. Mama akafungua daftari lake kwenye ukurasa ule ule wa ndugu ya babake, akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.